Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kazi za Kila Siku katika Shamba Letu la Beri, Bahati, Nakuru

Maswali haya hutufikia kwa simu, kwa WhatsApp na kutoka kwa watu wanaopita shambani: wateja wa Nakuru mjini, wakulima wenzetu wa Njoro, Molo hadi Kitale, na vijana wanaotafuta kazi. Tumeyajibu jinsi tungekujibu ukiwa umesimama nasi kati ya matuta.

Mnalima nini hasa, na shamba liko wapi?

Tuko upande wa Bahati, ukishika barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu. Zao letu kuu ni stroberi. Tuna mistari ya rasiberi na blakiberi kando ya uzio, na bluuberi chache tunazozikuza kwenye mifuko mikubwa (sababu ya mifuko utaiona kwenye swali la maji). Karibu na lango kuna nathi (vitunda vya manjano vilivyofungwa ndani ya ganda kama karatasi) zilizojiotea. Hizo tunaziacha kwa ajili ya watoto, lakini hatuzikubali zisogelee matuta, maana nathi ni ukoo mmoja na nyanya na viazi na hubeba magonjwa ya udongo yanayonyausha stroberi.

Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaopitisha maji haraka. Stroberi inapenda hivyo. Mahali ambapo maji yanatuama baada ya mvua, usihangaike kuipanda bila kuinua matuta.

Siku yenu huanza saa ngapi?

Pakianza kupambazuka, mmoja wetu ameshaingia shambani, ila hajaenda kuchuma. Anatembea mistari yote polepole, na kila hatua chache anainama, anageuza jani na kutazama upande wa chini. Anatafuta vidoadoa vya manjano, utando mwembamba unaofanana na wa buibui, majani yaliyojikunja, tunda lililotobolewa. Anaangalia pia mipira ya dripu, ile inayodondosha maji kwenye mizizi, kama kuna mahali panapovuja au palipoziba. Akiona jambo, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hapo hapo ili wenzake wapaone. Kazi nyingine zote za siku hiyo zinatokana na matembezi haya, na kama kuna jambo moja ambalo tungependa kila mkulima wa beri alichukue kwetu, ni hilo. Utitiri waliogunduliwa kwenye miche mitano ni kazi ya nusu saa. Ukiwagundua wiki mbili baadaye, utapoteza tuta zima.

Kuchuma kunategemea umande. Tunda likifungwa likiwa limelowa, litaota ukungu njiani. Jua nalo likishapanda, tunda linapata joto, linalegea na kuchubuka. Kwa hiyo tunachuma umande ukishakauka, kwa kawaida kuanzia saa moja na nusu, na tunajitahidi tuwe tumemaliza kufikia saa nne. Mchumaji anashika kikonyo kati ya kidole gumba na cha shahada, anakikata kwa ukucha juu kidogo ya tunda, kisha analiweka tunda moja kwa moja kwenye paneti, yaani kikasha kidogo cha kuuzia. Halishikwi mara ya pili. Stroberi ukiihamisha kutoka ndoo hadi meza, kisha kutoka meza hadi paketi, utaona alama za vidole ikifika jioni.

Kuna mtu mwingine nyuma yake mwenye ndoo yake tofauti, anayeokota matunda yaliyooza au kuliwa. Anayeshika mabovu hashiki mazuri siku hiyo. Vumbi la ukungu halionekani kwenye mikono lakini lipo.

Saa nne hivi pikipiki inaondoka na mzigo. Baada ya hapo ni palizi, kukata kamba zinazotambaa (mashina membamba ambayo stroberi hutoa ili kuzaa miche mipya), kuondoa majani makuukuu na kugeuza mboji. Kama kuna kitu cha kupuliza, kinangoja jioni nyuki wakisharudi mzingani.

Mbona hamchumi mapema ili zikae muda mrefu sokoni?

Kwa sababu stroberi haiivi ikishachumwa. Ndizi na parachichi huendelea kuiva nyumbani. Stroberi inaweza kubadilika rangi ikawa nyekundu zaidi, lakini utamu hauongezeki. Ikikatwa na mabega meupe, itabaki na ladha hiyo hiyo chachu. Sisi tunangoja iwe nyekundu mpaka karibu na kikonyo. Hiyo ina maana kwamba tunarudi kwenye mstari ule ule kila baada ya siku mbili au tatu, Jumapili ikiwemo, na kwamba hatuwezi kupeleka mzigo mbali sana bila friji. Tumekubali hasara hiyo.

Nitajuaje kwamba kweli hamtumii kemikali?

Njoo utazame. Stoo yetu iko wazi kwa mteja yeyote, na daftari la shamba liko mezani: tarehe, tuta, kilichopulizwa, aliyepuliza.

Kwa upande wa vyeti, Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Hapa Kenya, KOAN ndio mtandao unaounganisha wakulima wa aina yetu. Mkulima mdogo si lazima aite kampuni ya ukaguzi ya bei ghali; anaweza kujiunga na kikundi ambamo wakulima wanakaguana wao kwa wao kwa kanuni zilizoandikwa. Ukitaka kuuza nje ya nchi, hapo utahitaji mkaguzi huru.

Tunaamini sana ukaguzi wa kikundi, kwa sababu jirani anajua mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua. Anajua umenunua nini sokoni. Anajua pia upepo unatoka wapi. Upande wetu wa juu kuna shamba la viazi ambalo hupulizwa dawa ya ukungu karibu kila wiki wakati wa mvua. Tumeacha ukanda usiovunwa, tumepanda ua mnene wa matete na alizeti pori, na mwenye viazi hutupigia simu kabla ya kubeba pampu mgongoni. Makubaliano hayo hayajaandikwa popote, na yametusaidia kuliko karatasi nyingi.

Wadudu mnawafanya nini bila dawa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza anatarajia tumtajie maji ya pilipili. Watu wengi wanadhani kilimo hai ni kuitoa sumu ya dukani na kuweka pilipili na kitunguu saumu mahali pake, halafu mengine yaendelee vilevile. Haifanyi kazi hivyo. Dawa za asili huvunjika upesi na nyingi humuua mdudu aliyeguswa tu, kwa hiyo zikitumiwa peke yake, kila wiki, bila kuangalia, utachoka na utashindwa.

Adui mkubwa wa stroberi hapa ni utitiri. Anapenda ukavu na vumbi, kwa hiyo Januari hadi Machi ndio msimu wake. Jambo la kwanza tunalofanya ni kuzuia vumbi: njia ya gari ndani ya shamba imepandwa nyasi, na kipande kilicho karibu na barabara tunakirushia maji wakati wa kiangazi. Pili, tunanunua utitiri wengine, wale wanaokula utitiri waharibifu. Wanafugwa hapa hapa Kenya na mashamba ya maua hutumia wengi. Wanakuja ndani ya chupa pamoja na unga wa kuwashikilia, nawe unawanyunyiza taratibu juu ya majani. Siri yake ni kuwaachilia mapema, adui akiwa bado ni wachache. Shamba likishakuwa la manjano, umechelewa na pesa zako zimekwenda.

Tatu ni pareto. Mwana Nakuru hahitaji kufundishwa pareto. Babu na bibi zetu wengi walilisha familia kwa maua hayo, na Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu kwa zao hilo. Sumu yake huvunjwa na jua kwa muda mfupi, jambo linalofaa kwa tunda linaloliwa na ganda lake. Lakini tahadhari mbili. Ya kwanza, pareto haichagui: inaua nyuki na wale utitiri wazuri uliowanunua, kwa hiyo tunapuliza jioni, kwenye doa lililowekewa kitambaa chekundu peke yake. Ya pili, soma kibandiko. Dawa nyingi za dukani zenye pareto zimechanganywa na kiongeza nguvu cha kiwandani kiitwacho piperonyl butoxide, na kanuni za kilimo hai kwa kawaida hazikiruhusu.

Vidukari tunawaosha kwa maji ya nguvu, wakizidi tunatumia sabuni laini au mafuta ya mwarobaini. Koa tunawategea ubao: tunaulaza chini jioni, asubuhi tunaupindua na kuwaokota wote waliojificha hapo. Kitunguu saumu tunakipanda kati ya miche. Hatuwezi kukuapia kwamba kinafukuza wadudu, ila hakiibii stroberi nafasi kubwa, na kinauzika.

Na ndege?

Kuzumburu ndio wabaya zaidi. Wanakuja kundi zima na mikia yao mirefu, wanadonoa kila tunda kidogo na kuliacha. Shore nao huja asubuhi mapema. Sanamu ya mtu huwatisha siku chache tu, na kanda zinazometameta vilevile. Kinachofaa ni wavu, uvutwe ukakaza juu ya nguzo, usilazwe tu juu ya miche, maana ndege hupenya mdomo kupitia matundu, na wavu uliolegea unawanasa miguu. Tunaukagua asubuhi na jioni. Hatutegi ndege wala hatuwawekei sumu. Wengine wao hula viwavi.

Wakati wa mvua matunda yangu yote huota ukungu wa kijivu. Nifanyeje?

Pole, na ujue tatizo lilianza kabla hujaliona. Ukungu ule huingia kwenye ua, hukaa kimya ndani ya tunda bichi, na kujitokeza tunda linapoiva. Kwa hiyo kazi ni wakati wa maua. Pogoa majani makuukuu ili hewa ipite, ondoa maua yaliyokauka na kila tunda bovu, na usiyatupe pembeni mwa tuta bali yatoe nje ya shamba. Panda kwa nafasi ya sentimita 30 au zaidi. Mwagilia kwa dripu, usimwagie juu ya majani.

Kisha kuna matandazo. Tunda lisiguse udongo. Sisi tunatumia mabua ya ngano kutoka upande wa Njoro, yaliyokauka vizuri, tunayatandaza na kuyaingiza chini ya vishada. Kabla ya kununua tunamuuliza mwenye ngano alipuliza dawa gani ya magugu, maana baadhi ya dawa hizo hubaki kwenye mabua na zinaweza kudhuru mimea mingine. Asipotaka kusema, tunatafuta mwingine.

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kwenye baridi ya Julai na Agosti, matuta yetu bora yanakaa chini ya paa la nailoni lililo wazi pande zote. Ni gharama, lakini linazuia pia mvua ya mawe, na Nakuru hatuikosi. Ukungu mweupe wa majani ni ugonjwa mwingine. Huo tunautibu kwa salfa, jua likiwa limepoa, kwa sababu salfa kwenye joto kali huchoma majani.

Samadi si hatari kwa tunda linaloliwa bichi?

Samadi mbichi, ndiyo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite angalau siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, kwa mazao yanayogusa udongo. Stroberi huvunwa mfululizo, kwa hiyo kwetu jibu ni moja: samadi mbichi haiingii kwenye matuta yenye miche. Inakwenda kwenye lundo la mboji pamoja na majani makavu, alizeti pori na mabaki ya jikoni. Lundo likipata joto la nyuzi 55 na zaidi, vijidudu na mbegu za magugu hufa, mradi uligeuze ili kila upande upite katikati. Ukichomeka panga ndani kwa dakika chache kisha ukalitoa, liwe la moto kiasi cha kukuzuia kulishika muda mrefu. Lisipokuwa hivyo, rudi ukaongeze samadi au maji.

Mnatumia maji gani?

Ya mvua kwanza, ya kisima baadaye. Stroberi inahitaji takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita mraba ya tuta. Tangi la lita 10,000 basi linatosha mita mraba 400 kwa wiki moja isiyo na mvua. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua miche.

Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi na magadi. Stroberi huyavumilia kwa kiasi kidogo tu. Bluuberi hapana. Bluuberi inataka udongo wenye asidi, pH kati ya 4.5 na 5.5, na maji ya kisima huipandisha pH kidogo kidogo mpaka majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Ndiyo maana zetu ziko kwenye mifuko yenye mchanganyiko wa nyuzi za nazi, na zinakunywa maji ya mabati peke yake. Majivu ya jikoni usiyasogeze karibu nazo. Kusema kweli, mtu anayeanza hatumshauri bluuberi, hata akiwa ameona video ngapi za faida yake.

Nina robo ekari. Nianze vipi?

Usipande robo ekari yote. Anza na matuta machache ambayo wewe na mtu mmoja mnaweza kuyatembelea kila asubuhi. Tuta la mita 10 lenye mistari miwili linachukua miche kama 66.

Chagua mahali ambapo hapakuwa na viazi, nyanya wala pilipili miaka ya karibuni. Huku kwetu, ambako kila mtu amelima viazi, hilo ni gumu kuliko linavyosikika, lakini lisikize. Pima udongo, pH ya 5.5 hadi 6.5 inafaa. Nunua miche kwenye kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea. Miche ya bure ya jirani hubeba virusi na utitiri, na virusi havina dawa, ya asili wala ya kiwandani. Chandler ni aina ambayo wakulima wengi wa Kenya wanaifahamu na inavumilia mengi.

Unapopanda, angalia moyo wa mche, pale majani yanapochipukia. Uwe sawasawa na uso wa udongo. Ukiufukia utaoza, ukiuacha juu mizizi itakauka. Ng'oa maua ya mwanzo ili mche upate nguvu. Kamba zinazotambaa zikate, isipokuwa unataka miche mipya. Utaanza kula baada ya miezi mitatu hivi, na baada ya miaka mitatu badilisha miche na uhamishe matuta.

Na kabla ya yote hayo, tafuta mnunuzi. Mahindi yanaweza kungoja bei ghalani. Stroberi haingoji hadi kesho kutwa.

Mbona bei yenu iko juu kuliko ya sokoni?

Kwa sababu ya mikono. Palizi ni ya mkono, koa huokotwa kwa mkono, tunda linachumwa mara moja na kwa uangalifu, na sehemu ya mavuno tunaitupa badala ya kuiuza ikiwa na doa. Hatupunguzi mshahara wa wachumaji ili kushindana na bei ya gari linalouza kando ya barabara kuu. Ukitaka za bei nafuu, ulizia za jamu.

Za jamu ni zipi? Ni zile mbovu?

La. Ni zenye umbo lisilopendeza. Zile mbegu ndogo unazoziona juu ya stroberi, kila moja inahitaji chavua ili nyama iliyo chini yake inenepe. Siku za baridi na mvua nyuki hawatoki, na tunda linakua upande mmoja tu. Ladha ni ile ile. Mizinga yetu miwili iko mwisho wa shamba kwa sababu hiyo, asali ni nyongeza. Jamu yenyewe hatuiuzi madukani, maana chakula kilichofungashwa kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na bado hatujaiomba.

Niliziweka kwenye friji zikaoza baada ya siku mbili.

Huenda uliziosha kwanza. Osha unapokula, na uache kikonyo mpaka wakati huo. Zitandaze kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni chini, toa yoyote iliyopondeka, na uziweke mahali penye baridi zaidi ndani ya friji. Za kugandisha, zioshe, zikaushe, zitandaze kwenye sinia mpaka zigande, ndipo uzitie mfukoni.

Mnaajiri?

Miezi ya mavuno mengi, ndiyo, kuanzia miaka 18. Tunalipa kwa siku, hatulipi kwa kilo. Anayelipwa kwa kilo ana haraka, na haraka huchuma mabichi na kuponda mabivu. Wengi wa wachumaji wetu ni akina mama wa hapa jirani ambao wanaona ugonjwa kabla yetu, na wakisema tuta fulani lina shida tunaacha kila kitu twende. Kucha ziwe fupi na safi. Ukiwa na homa ya tumbo, baki nyumbani. Siku hiyo utalipwa.

Naweza kuja na watoto?

Karibuni Jumamosi asubuhi, mkishatupigia simu. Matatu za Bahati zinatoka mjini Nakuru, na tutawaelekeza mahali pa kushukia. Mlangoni kuna beseni la kuoshea viatu, tafadhali lipitieni, hasa mkitoka kwenye shamba jingine. Watoto wanaruhusiwa kula wanapochuma. Tutawaonyesha jinsi rasiberi iliyoiva inavyochomoka na kuacha kijiti cheupe kwenye tawi, wakati blakiberi inang'oka pamoja na kijiti chake. Rasiberi inayokataa kuchomoka haijaiva, basi waiache. Mbwa abaki nyumbani, na mje na vyombo vyenu.